Kibano cha Bibi

Wiki jana nilimpelekea mhariri wangu habari ya kambi ya upasuaji wa macho. Niliandika maneno mia tisa. Zikatoka aya nne, ukurasa wa ndani, juu ya tangazo la mnada wa magari. Simlaumu. Karatasi ni ghali, na kope ya bibi kizee wa kijijini haiuzi gazeti. Lakini yaliyobaki kwenye daftari langu yananikereketa, na mahali pekee pa kuyamwaga ni hapa. Vuta kigoda, leo nina maneno mengi.

Nianze na kibano.

Nilipokuwa shule ya msingi, kila likizo nilipelekwa kwa bibi yangu, kijijini, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Bibi alikuwa na kibano cha chuma alichotengenezewa na mhunzi, akikifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake. Asubuhi, jua likishapanda kidogo, alikuwa akiniita nje, anakaa kwenye kigoda, anainua uso. "Njoo, wewe macho yako bado mazima." Kazi yangu ilikuwa kushika kope ya juu, kutafuta nywele zilizoingia ndani, na kuzing'oa moja moja. Nikimaliza napewa kiganja cha karanga. Baada ya wiki mbili zinaota tena, ngumu kuliko mwanzo, na tunaanza upya.

Nilidhani bibi wote duniani wako hivyo. Nilidhani ni uzee, kama mvi.

Nilikuja kujua jina la kile kitu nikiwa chuo, tena kwa bahati, nikitafuta habari nyingine kabisa. Kitaalamu tatizo hilo huitwa trikiasisi: nywele za kope kugusa jicho. Kope yenyewe ikijikunja kuelekea ndani huitwa entropioni. Wapo wazee wanaolegea misuli ya kope ya chini hadi ikajikunja. Huo ni uzee kweli, na hutokea hata kwa watu wa miji tajiri. Lakini kwa bibi yangu ilikuwa kope ya juu, na chanzo chake kilikuwa trakoma, ambayo Waswahili tunaiita vikope.

Inakwenda hivi. Mtoto mdogo anaambukizwa kijidudu kwenye macho. Macho yanakuwa mekundu, yanatoa matongotongo, nzi wanatua. Nzi huyo, mikono ya mama, kanga inayofuta pua za watoto watatu, vyote vinahamisha kijidudu kutoka jicho hili kwenda lile. Mtoto anapona, anaambukizwa tena, anapona, anaambukizwa tena. Kila mara ndani ya kope ya juu panabaki kovu dogo. Makovu yanajumlishana. Kovu lolote likikauka hujivuta, kama ngozi mbichi ya ng'ombe iliyoanikwa juani. Miaka ishirini au thelathini baadaye, lile tabaka gumu na jembamba linaloipa kope umbo lake linapinda, na ukingo wa kope unageukia ndani. Sasa kila mtu anapopepesa macho, nywele zinapita juu ya kioo cha jicho kama ufagio wa chelewa. Hebu hesabu unapepesa mara ngapi kwa siku moja. Kioo kinachubuka, kinapata vidonda, kinakuwa cheupe. Giza.

Ndiyo maana nasema maradhi haya ni ya ajabu: mtu anaumwa utotoni na kupofuka uzeeni. Kati ya hapo hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Sasa tuingie kwenye historia, maana hapo ndipo nilipopata hasira.

Kuna maandishi ya tiba ya Wamisri wa kale yanayoitwa mafunjo ya Ebers, yaliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Humo mna dawa za kuzuia nywele za kope zisiote tena baada ya kung'olewa, zikiwemo damu za wanyama mbalimbali. Tuziweke kando hizo damu. Angalia kitu kimoja tu: maneno "baada ya kung'olewa". Maana yake miaka elfu tatu na mia tano iliyopita kulikuwa na mtu amekaa juani ameinua uso, na mwingine ameshika kibano. Ni mimi na bibi yangu watupu.

Wagiriki ndio waliotoa jina. Trakoma kwao ni "kitu chenye kukwaruza", kwa kuwa ukiigeuza kope ya mgonjwa, ndani yake si laini. Mrumi Celsus, katika karne ya kwanza, alieleza jinsi ya kuchoma mashina ya nywele kwa sindano ya moto, na jinsi ya kukata ngozi ya kope ili ukingo wake uvutike nje. Yaani wazo la kurekebisha kope kwa kisu halikuja na hospitali za wazungu juzi.

Karne kumi baadaye tunamkuta Baghdad tabibu Ali ibn Isa, aliyepewa jina la al-Kahhal. Kahhal limetokana na neno la Kiarabu la wanja. Tabibu wa macho kwao aliitwa kwa jina la wanja! Kitabu chake kilieleza maradhi ya macho zaidi ya mia moja, trakoma ikiwemo, na kilitumika kwa karne nyingi.

Ulaya nayo ilikuja kushtuka mwaka 1798. Napoleon alivamia Misri, Waingereza wakamfuata kumfukuza, na maelfu ya askari wa pande zote mbili wakashikwa na macho. Waliporudi makwao walirudi na maradhi hayo, wakayasambaza kambini na mitaani. Waliyaita maradhi ya macho ya Misri, kana kwamba Wamisri ndio waliowaalika. Hofu hiyo ilisaidia kuzaliwa kwa hospitali maalumu za macho; ile maarufu ya Moorfields, London, ilianzishwa mwaka 1805 na John Cunningham Saunders katika siku hizohizo. Jambo moja nililojifunza katika kazi ya uandishi ni kwamba maradhi huwa habari pale yanapomfikia askari.

Au yanapofika mlangoni kwa tajiri. Mwaka 1897 Marekani iliiweka trakoma kwenye orodha ya magonjwa hatari ya kuambukiza ambayo mhamiaji akiwa nayo haruhusiwi kuingia. Pale Ellis Island, bandari ya New York, maofisa walisimama kwenye mstari wakigeuza kope za watu, kwa vidole au kwa kindoano cha chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya kufungia vifungo vya viatu. Ukikutwa nayo ulirudishwa ulikotoka, hata kama mkeo na wanao wameshapita. Kuanzia mwaka 1903 kampuni ya meli iliyomleta mgonjwa ambaye maradhi yake yangeweza kuonekana tangu safari inaanza ilitozwa faini ya dola 100. Watu walivuka bahari nzima wakarudishwa kwa sababu ya ndani ya kope.

Kijidudu chenyewe kilisumbua kuonekana. Mwaka 1907, huko Java, Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek waliwaambukiza orangutani kwa uchafu kutoka macho ya wagonjwa, wakaona kwenye darubini vidoa vidogo ndani ya chembe hai, kama vimefunikwa joho. Ndiyo asili ya jina la klamidia, kutoka neno la Kigiriki la joho. Kukiotesha maabara kulichukua karibu miaka hamsini zaidi. Aliyefanikiwa ni Mchina, Tang Feifan wa Beijing, aliyekiotesha ndani ya mayai ya kuku katikati ya miaka ya 1950. Ili kuondoa ubishi alijitia kijidudu hicho kwenye jicho lake mwenyewe, akakaa siku nyingi bila kujitibu ili maradhi yaonekane wazi. Mwaka 1958, katika msukosuko wa kisiasa wa nchi yake, wasomi walipokuwa wakiandamwa na kudhalilishwa mikutanoni, alijiua. Namfikiria sana mtu huyu. Alilitoa jicho lake kwa ajili ya macho ya watu asiowajua, na hakuna mtaa ninaoujua hapa kwetu unaoitwa kwa jina lake.

Sasa sikiliza jambo linaloumiza. Wakati Tang anaotesha kijidudu kwenye mayai, trakoma ilikuwa imekwisha karibu kutoweka katika sehemu kubwa ya Ulaya. Na si dawa iliyoiondoa. Vijidonge vya salfa vilianza kutumika miaka ya mwisho ya 1930, na dawa ya kupaka ya tetrasaiklini ikafuata miaka ya 1950. Trakoma ilikuwa imeanza kuondoka kabla ya hapo, taratibu, kwa sababu maji yalifika karibu na nyumba, watu wakaacha kulala kumi chumba kimoja, vyoo vikajengwa, watoto wakanawa. Kijidudu kikakosa njia.

Kwa hiyo swali si kwamba dunia haikujua. Swali ni nani aliyekuwa na bomba.

Twende Kongwa. Jina hilo lina historia yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mradi mkubwa wa karanga, ili watu wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa, mibuyu ikang'olewa. Mvua haikutosha, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Ugogo ni nchi kame, mzee yeyote wa pale angewaambia bure. Fedha zote hizo zilizikwa kwenye udongo wa Kongwa, na baada ya miaka arobaini mwanamke wa Kongwa bado alikuwa anatembea masaa na ndoo kichwani.

Najua hivyo kwa sababu watafiti walifika. Kuanzia miaka ya 1980 kundi la watafiti, akiwemo Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walifanya kazi Kongwa kwa miaka mingi, kiasi kwamba ukisoma lolote kuhusu trakoma duniani lazima ukutane na jina la wilaya yetu. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watoto waliodumishwa nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Kabla ya hapo waliona jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Akina mama walisema hawana maji ya kunawisha watoto. Ndipo yakafanyika majaribio hadharani: lita moja inanawisha nyuso ngapi? Ilinawisha nyingi kuliko yeyote alivyodhani. Hapakuwa na uvivu wala ujinga. Maji yanapokugharimu nusu siku, kila kikombe kina mwenyewe kabla hujakichota, na uso wa mtoto unaweza kusubiri kesho. Na aliyeamua maji yatumikeje nyumbani hakuwa mama peke yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lililonisumbua tangu utoto: kwa nini babu yangu alikufa na macho yake mazima, walikula chungu kimoja, wakakaa nyumba moja? Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume. Sababu kubwa ni kwamba wao ndio wanaobeba watoto. Kila mtoto aliyelia mgongoni, kila matongotongo yaliyofutwa kwa pindo la kanga, yalimrudishia mama maradhi aliyokwisha kupona. Bibi yangu alizaa tisa, akalea na wajukuu. Mmoja wa wajukuu hao anaandika hapa.

Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo kutoka Gambia kwamba dozi moja tu ya azithromisini inafanya kazi sawa na wiki kadhaa za kupaka dawa ya macho. Katika miaka hiyohiyo Shirika la Afya Duniani lilikubali mpango wenye mambo manne: upasuaji kwa ambao kope zimegeuka, dawa kwa kijiji kizima, uso safi, na mazingira, yaani maji na vyoo. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer ilianza kutoa dawa hiyo bure, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Nakumbuka siku wagawaji walipokuja kijijini kwa bibi. Walitupima urefu kwa fimbo yenye alama, maana dozi ilitegemea urefu. Wadogo walipewa ya maji, tamu, wengine tukamezeshwa vidonge. Mimi nilijua ni dawa ya minyoo.

Dawa ile iliokoa macho yangu. Ya bibi haikuyasaidia. Kovu halisikii dawa. Kope iliyokwisha kugeuka hugeuzwa kwa kisu tu.

Na kisu hicho kina historia inayotugusa Waswahili. Jaribio lililolinganisha aina mbalimbali za upasuaji wa kope lilifanyika Oman, matokeo yakachapishwa kuanzia mwaka 1990. Oman hiyohiyo ya ndugu wa watu wa Unguja. Njia iliyoshinda ndiyo iliyoenea duniani: unapigwa sindano ya ganzi kwenye kope, inakatwa tabaka zote karibu na ukingo, kisha inashonwa ikielekezwa nje. Si kazi ya saa nyingi, wala halazwi mtu. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaiweza, hata kwenye zahanati. Baadaye utafiti wa Ethiopia, mwaka 2016, ulionyesha kuwa kukata kutoka ndani ya kope bila kupasua ngozi kunapunguza uwezekano wa nywele kurudi. Na Oman yenyewe? Mwaka 2012 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeiondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Ghana ikafuata mwaka 2018, Malawi jirani zetu mwaka 2022, Burundi mwaka 2025. Mwaka 2002 watu bilioni 1.5 duniani waliishi katika maeneo yenye hatari. Mwaka 2025 walikuwa kama milioni 100. Kwa hiyo inawezekana. Tena inawezekana kwa watu wa aina yetu.

Turudi kwa bibi. Aliambiwa kuhusu upasuaji mara tatu, akakataa mara tatu. Mara ya kwanza alisema nani atapika. Mara ya pili, nani atachota maji. Mara ya tatu alisema amezoea. Alipokubali, jicho la kushoto lilikuwa tayari jeupe. La kulia lilishonwa kwenye zahanati ya kata, akarudi nyumbani kwa miguu akiwa amefungwa bandeji, ameshikwa mkono na shangazi. Baada ya wiki mbili walitoa nyuzi. Mama aliponipigia simu alisema bibi amekaa nje anaangalia mbuzi, hataki kuingia ndani.

Kwa miaka nilijilaumu. Nilijiambia kile kibano ndicho kilichomchelewesha, kwamba kila unywele niliong'oa ulimpa sababu ya kusubiri. Kisha nikasoma utafiti mwingine wa Ethiopia, wa mwaka 2011. Walichukua watu wenye nywele chache zilizogusa jicho, chini ya sita. Nusu wakapasuliwa. Nusu wakapewa vibano vizuri, na kila mmoja akaja na ndugu mwenye macho mazima afundishwe kung'oa. Baada ya miaka miwili waliotumia vibano hawakuwa wamepoteza uwezo wa kuona kuliko waliopasuliwa, ingawa nywele, kama kawaida yake, ziliota tena.

Nilisoma sentensi ile ya ndugu mwenye macho mazima mara mbili. Hicho ndicho nilichokuwa mimi. Tofauti ni kwamba kibano chetu kilikuwa butu, kilikata nywele badala ya kuzing'oa, hakuna aliyenifundisha, na zake zilikuwa nyingi mno kwa kibano chochote. Lakini bibi hakuwa mjinga. Alitumia tiba aliyoweza kuifikia, ileile ya Misri ya kale, kwa sababu ile ya Oman ilichelewa kufika kwake.

Kwenye kambi niliyoiandikia gazeti alikuja mama mmoja wa Kimaasai, amefuatana na binti wa kama miaka minane. Shingoni kwa yule mtoto kilining'inia kibano kwenye uzi. Katika miaka ya hivi karibuni wilaya za wafugaji, kama Longido na Ngorongoro, ndizo zilizobaki sugu, na sababu ni zilezile: maji mbali, nzi wengi, watu wanaohama. Nilimuuliza mtoto kama anajua kukitumia. Akanitazama kama nimeuliza kama anajua kula. Hilo mhariri alilikata.

Mwezi wa kumi na mbili wengi wetu tutapanda mabasi kwenda kwetu. Ukifika, mtoe bibi nje kwenye mwanga, umwombe aangalie chini. Kama nywele za kope zinagusa jicho, au anafumba macho anapotazama jua, au ukiona kibano kwenye pindo la kanga, mpeleke kwenye kituo cha afya umuulizie mganga kuhusu upasuaji wa vikope. Na kabla hujamwambia aende, panga kwanza nani atapika na nani atachota maji. Sisi tulilisahau hilo, na likatugharimu jicho moja.